Mbuzi wa Dani na Upepo wa Saa Nane

Sisi tuliosoma Sayansi kabla simu hazijaanza kujibu maswali, tuliisoma kwa nyayo. Shule yetu ilikuwa ufukweni mwa ziwa upande wa Seme, chini ya Kombewa, na ilikuwa na kipimajoto kimoja tu, ambacho kilivunjika siku ile ile kilipopitishwa mikononi mwa darasa la tano. Basi Mwalimu Kamau akatuambia tuvue viatu, na wachache waliokuwa navyo wakavua. Mguu mmoja ndani ya karai la mchanga, mwingine ndani ya karai la maji, makarai yote mawili yameanikwa juani tangu asubuhi, halafu useme kipi kimeshika moto zaidi. Ukiruka, umeshajibu. Mguu wangu wa mchangani ndio ulioruka, nikapewa alama zote.

Nyuma ya darasa tulikuwa na meza ya maumbile. Juu yake kulikuwa na haragwe linaloota kwenye kopo la majarini, sumaku iliyotolewa kwenye redio iliyokufa, na taya la mamba ambalo baadhi yetu tuliamini ndilo lililokuwa linamaliza chaki za mwalimu. Kila kitu kilinuka omena, dagaa wetu wa ziwani: vitabu, sare, hata sisi wenyewe. Wale wadudu wa ziwani tunaowaita sam walipokuja kama wingu, somo la wadudu lilijileta lenyewe darasani, na aliyefungua mdomo kujibu swali alimeza sehemu ya jibu.

Mwalimu Kamau alikuwa kijana kutoka Murang'a, na nadhani kabla ya kuletwa kwetu maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni yale ya tangi la kiwanda cha kahawa. Aliliogopa ziwa waziwazi. Sisi tulioga majini tukipiga mbizi, yeye alichota ndoo akapanda nayo kilimani mpaka nyumba ya walimu, akaoga mlango umefungwa, asije kiboko akamfuata. Lakini kitabu chake alikiamini. Akatufundisha kwamba mchana nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji, hewa yake ikapanda juu, na hewa baridi ya majini ikaja kujaza pengo. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kwenda majini. Kitabu kilisema upepo wa bahari. Tulipomwambia hapa hakuna bahari, alifikiri kidogo akasema ziwa ni bahari iliyokosa chumvi, na tukaandika hivyo.

Tukashona mfuko wa upepo kwa mkono wa shati kuukuu, tukaufunga kwenye mlingoti chini ya bendera. Asubuhi ulielekea ziwani. Baada ya chakula cha mchana uligeuka ukaelekea vyooni. Hatukuhitaji saa tena.

Dani, bibi yangu mzaa baba, hakufurahishwa na somo hilo hata kidogo. Alisema serikali imemtoa mtoto wa watu Murang'a mpaka huku kuja kutufundisha upepo, wakati upepo umejaa na hauna ada. Angalau atufundishe kufuga kuku.

Mwaka huo magugumaji yalikuwa yamelala ufukweni kwetu tangu mvua ndefu, yamesongamana na mafunjo hadi ukiyatazama unaona shamba. Yalikaa sana mpaka tukayazoea kuwa nchi. Akina mama waliweka mabeseni ya nguo juu yake. Jirani mmoja alikuwa ameanza kuulizia kama mtu anaweza kujenga kibanda pale.

Sasa, Jumamosi moja wageni walikuwa wanakuja kumposa Shangazi Atieno. Wageni wenyewe walikuwa watu wa Port Victoria, wafanyabiashara wa samaki, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mtu wa Port Victoria utamkaribisha na samaki gani ambaye hajamwuza yeye mwenyewe? Kwa hiyo Dani alikuwa amefuga mbuzi mmoja mweupe, akamnenepesha miezi kadhaa kwa ajili ya siku hiyo tu. Alfajiri ya Jumamosi akaona amlishe majani mabichi kwa mara ya mwisho. Akamshusha ufukweni, akamfunga kwa kamba nzuri kwenye kishina imara cha mafunjo, akarudi jikoni kuchambua mchele.

Kishina kilikuwa imara kweli. Shida ni kwamba kilikuwa kimeshikana na magugumaji, wala si na nchi.

Nilipotumwa kumleta mbuzi, jua lilikuwa limeshachomoza. Kipande kizima cha shamba letu kilikuwa kimemeguka kimyakimya na kwenda zake, na mbuzi yuko juu yake, mweupe, anatafuna. Alikuwa mbali kiasi kwamba ukimwita anaitika lakini haji. Nilipiga mayowe, watu wakaja, na kila aliyekuja alipiga mayowe yake halafu akasimama. Boti zote zilikuwa zimeshaenda kuvua tangu usiku. Nyumbani, Shangazi Atieno aliingia nyuma ya jiko akalia kwa kwikwi, kwa sababu alikuwa anampenda yule kijana wa Port Victoria, na alijua wazee wa upande ule wangesema tumewadharau.

Dani hakulia. Alijifunga leso kiunoni akapanda kilimani mpaka kwa Mwalimu Kamau, sisi watoto nyuma yake, akamkuta anapiga mswaki.

“Mwalimu,” akasema, “mbuzi yangu imeenda na maji. Wageni wako njiani. Wewe ndiye serikali imeleta kwa mambo ya upepo. Sasa niambie.”

Mwalimu alitazama ziwa, akatazama mfuko wetu pale mlingotini ukielekea majini, kisha akatema povu.

“Dani, hiyo mbuzi itarudi. Ngoja tu jua ikolee. Saa nane hivi.”

“Italetwa na nani?”

“Na upepo.”

Dani alimtazama toka juu mpaka chini, akamwuliza kama ameshakunywa chai. Hata hivyo hakuwa na njia nyingine, akamwambia basi washuke wote wawili wakangoje pamoja, na kama saa nane itafika bila mbuzi, yeye Mwalimu Kamau ndiye atakayesimama mbele ya wageni awaelezee habari ya hewa ya moto na hewa ya baridi.

Wakakaa juu ya boti mbovu iliyopinduliwa, bibi kizee na mwalimu, na darasa la tano karibu zima likakaa mchangani. Jua likapanda. Asubuhi ilipoelekea mchana upepo ukafa kabisa, ziwa likawa kama sahani, na mbuzi akawa doa dogo jeupe. Omolo mvuvi alirudi akipiga kasia, uso umemkauka. Akafunga mtumbwi wake bila kumsalimu mtu, akaenda na kasia lake begani moja kwa moja kwa mchungaji. Baadaye tulisikia ameokoka. Alikuwa na tatizo la pombe ya chang'aa, na huko majini alikutana na mbuzi amesimama katikati ya ziwa anamtazama.

Mimi nilikuwa karibu na mwalimu, nikamwona anafungua kitabu ukurasa ule ule tena na tena. Akanong'ona, nadhani kwa nafsi yake, kwamba kitabu hakikutaja mbuzi. Nilimhurumia sana. Mpaka wakati huo sikujua kwamba mwalimu naye anaweza kuogopa kukosea.

Wageni, kama ilivyo kawaida ya watu wanaotegemea nyama, walifika mapema. Wazee waliovaa makoti wakaletwa hadi ufukweni kwa kuwa wenyeji wote walikuwa huko, na hakuna aliyethubutu kuwaambia kinachongojwa. Bwana Ouma, mchumba wa shangazi, alikuwa na suti ya rangi ya maziwa.

Ndipo mchanga ulipoanza kutuunguza makalio, na mtu akasema, “Oneni mfuko.”

Mfuko ulikuwa umeinuka. Ulicheza kidogo, ukaanguka, ukainuka tena, kisha ukanyooka sawasawa kuelekea vyooni. Lile doa jeupe likawa kubwa kidogo, likaota pembe, likaota kamba shingoni. Mbuzi alikuja polepole kama mgeni rasmi, magugu ya upande wake mmoja yameshaliwa. Kabla hajagusa nchi Bwana Ouma alishaingia majini na suti yake mpaka kifuani, akaishika ile kamba. Shangazi Atieno alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mwalimu Kamau alikaa chini mchangani, akafunika uso kwa kitabu, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Wanaume wakaanza kunoa visu. Dani akasimama mbele ya mbuzi.

“Aliyetoka safari ya maji,” akatangaza, “hachinjwi siku hiyo.”

Hakuna mtu aliyewahi kuisikia desturi hiyo, maana Dani alikuwa ameitunga papo hapo. Lakini wazee wa pande zote mbili walitikisa vichwa kwa heshima, hakuna aliyetaka kuonekana hajui mila. Watu wa Port Victoria wakala samaki. Posa ikapita. Mbuzi akaishi mpaka akazeeka, akaitwa Kamau, na mwalimu akawa analetewa maziwa ya ng'ombe kila asubuhi na Dani mwenyewe, ambaye tangu siku hiyo hakuanika omena kabla ya kuuliza mfuko umesemaje. Bwana Ouma sasa ana mvi na wajukuu, na kila tukikutana hunikumbusha kwamba hajawahi kula mbuzi wake wa posa.

Siku hizi naishi Kisumu mjini. Watoto wetu wanasoma sayansi kwa vifurushi vya data, na mradi wa mtoto unafanywa na mama yake usiku kwa gundi na katoni. Binti yangu alisimama nami ufukweni juzi, nywele zikimpeperuka usoni, akatoa simu aangalie upepo unatoka wapi. Upepo ule bado unakuja saa nane, ila sasa unaleta chupa za plastiki. Dani hayupo. Mwalimu Kamau alipata uhamisho akarudi kwao, na sijui kama aliwahi kumsimulia mtu huko akaaminiwa. Nawakumbuka wote wawili nikiusikia upepo shingoni, na huwa nakawia pale kuliko inavyonipasa.

Basi nikamsimulia binti yangu, naye kwenye kazi yake ya Gredi ya Nne akachora nchi kavu, ziwa, mishale ya upepo, na katikati ya maji mbuzi mweupe mwenye kamba. Imerudi jana na alama nyekundu ya kosa juu ya mbuzi. Chini yake mwalimu ameandika: “Mbuzi hahusiki.”

Nimempigia mwalimu huyo simu. Ni kijana mpole, na nimemwomba alete darasa lake ufukweni siku moja baada ya chakula cha mchana, watoto wavue viatu. Amekubali, akaniuliza kama kuna vifaa vya kubeba.

Nikamwambia asibebe kitu. Mbuzi nitaleta mimi.