Vibao vya Entobe na Entundu

Darasa la saba nilimaliza, lakini mkono wangu haujawahi kuzoea kuandika haraka. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye kitalu cha migomba huku Ihembe, nikapewa kalamu niandike vibao, niliogopa. Kila kiriba, yaani mfuko wa udongo wenye mche, kilichomekwa kipande cha dumu chenye jina la mche huo. Bila kibao, mgomba mchanga wa kupika na wa pombe hutautofautisha.

"Utamaliza Krismasi," alisema mwenye kitalu, mama wa kutoka Muleba. "Andika herufi tatu za mwanzo tu. Ukishindwa, kesho unajaza udongo, kalamu nampa mwingine."

Kalamu ile niliitaka. Nikaandika tatu tatu, nikaufurahia mwendo wangu, mpaka alipokuja mzee wa Kihanga na bodaboda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii ENT ndiyo Entobe?"

Nikatazama. Entobe ya kupika, ENT. Entundu ya pombe, nayo ENT.

"Mjukuu wangu, nikimpelekea bibi yako mgomba wa pombe, siku ukitoa ndizi atanipika mimi!"

Bodaboda alicheka mpaka akaegemea pikipiki. Mama hakucheka. Alinyoosha mkono adai kalamu.

"Mama, naomba mpaka jioni," nilisema. "Viriba bado viko kwenye mistari yake. Havijachanganyika."

"Mwache ajaribu," mzee akasema. "Mimi napita Nyakahanga kumwona mgonjwa, nitarudi."

Niliandika majina yote chini kwa kijiti. Karibu yote yalianza na En, nikaifuta. Nikabakiza herufi ya kwanza iliyofuata. Palipogongana, nikaongeza nyingine. Entobe ikawa TO, Entundu TU, Enyoya Y, Enshakala S. Kila kifupisho nilikiuliza: wewe unaweza kuwa wa mche mwingine? Ndipo nikashika vibao.

Jioni mzee alifunga TO zake kwenye pikipiki, akaondoka. Mama akapita mistari yote akisoma vibao.

"Kesho inaletwa Enshansha," akasema mwishowe.

Nikaanza kung'oa vibao vya S.

"Hivyo viache. Andika hiyo mpya tu."

"Hapana, mama. S itakuwa ya zote mbili. Enshakala lazima iwe SHAK, Enshansha SHAN."

Alinitazama kidogo, akaenda zake. Kalamu aliniachia. Nikaketi juu ya ndoo, nikaandika SHAK ya kwanza, polepole.