Mlinzi wa Tuta la Montong Kesambi

Kijijini kwetu Montong Kesambi hakuna aliyempenda Inaq Senim (kwetu mama huitwa Inaq, baba Amaq), na mimi nilikuwa mmoja wa waliomchukia. Mumewe ndiye aliyekuwa mlinzi wa bwawa letu la udongo, huku kusini mwa kisiwa cha Lombok ambako mvua ikikata imekata. Alipofariki, hakuna mwanamume aliyeitaka kazi ile, basi mjane wake akaichukua. Tulidhani atakuwa anafungua lango la maji na kulifunga tu. Kumbe tumejitafutia askari.

Aliwafukuza nyati wetu wa kulimia kutoka juu ya tuta linalozuia maji, kwa fimbo. Alikuwa akifukua mashimo ya panya na kaa mmoja mmoja, anayajaza udongo na kuushindilia kwa mchi. Mke wangu alipopanda mihogo kwenye mteremko wa tuta, Inaq Senim aliing'oa yote. Nilimfuata nikifoka.

"Mihogo imekukosea nini, wewe mama?"

"Kawaulize panya wanaoifuata," alijibu bila kunitazama. "Unailima shingo yako mwenyewe, Amaq Jumilah. Nyumba iliyo chini ya tuta ni yako. Yangu iko mlimani."

Lakini mimi nilikuwa adui mdogo. Adui mkubwa alikuwa Amaq Kerting, mkulima wa tumbaku. Mwaka ule mvua zilianza mapema, naye akaona maji mengi yanapotea kupitia utoro, ile njia ya pembeni inayotoa maji bwawa likijaa. Akauziba kwa viroba vya mchanga. Inaq Senim akavitoa. Amaq Kerting akavirudisha. Siku ya tatu mama yule alivipasua vyote kwa mundu, mbele ya mwenyewe.

"Maji yanakwenda baharini, na kiangazi tumbaku yangu inakufa!" Amaq Kerting alipiga kelele. "Una akili wewe?"

"Ninazo. Ukiziba utoro, maji yatapita juu ya tuta. Yakishapita juu, udongo haubishani nayo."

"Mwanamke mkavu kama kiangazi!"

"Na wewe ungekuwa mkavu ningefurahi, maana mate yako yananirukia."

Watu walicheka, na kicheko kile Amaq Kerting hakukisahau.

Chini ya tuta palikuwa na mahali pamoja panapovuja tangu zamani, maji kidogo tu, safi, wanawake wakinawia miguu. Kila asubuhi Inaq Senim alichuchumaa pale na gilasi, akakinga, akaiinua juani. Tukambandika jina la Chura. Mwezi wa pili wa mvua, maji ya pale yakaanza kutoka ya rangi ya chai ya maziwa. Alikuja na gilasi yake mkutanoni, akaiweka katikati yetu.

"Tuta likivuja maji safi, linatoka jasho," alisema. "Likivuja tope, linaliwa kwa ndani. Tushushe bwawa hadi nusu, tuchimbe, tushindilie upya."

"Nusu?" mkuu wa kitongoji aliruka. "Na mpunga wa pili tunywesheje?"

Amaq Kerting aliichukua ile gilasi, akaimwaga miguuni pa yule mama. "Huyu amechota kwenye dimbwi la nyati. Mnamsikiliza Chura?"

Ikaamuliwa tumngojee mhandisi wa wilaya, ambaye tulikuwa tumeahidiwa tangu mwaka uliopita. Ikaamuliwa pia kwamba kuanzia Ijumaa lango litakuwa chini ya Amaq Kerting. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kunyooshwa.

Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, Inaq Senim alilifungua lango lote, akachomoa gurudumu la kulifungia, akalitupa bwawani.

Tulimkuta ameketi juu ya zege la lango, maji yakinguruma chini yake. Amaq Kerting akamkamata mtandio wa kichwani.

"Gurudumu liko wapi?"

"Chini ya maji. Ukilitaka, subiri yaishe."

Mtu mmoja alirusha bonge la udongo lenye jiwe ndani. Si mimi niliyerusha, lakini nilimwona anavyolipima mkononi, nikanyamaza. Lilimpasua juu ya jicho. Hakulia. Alijifuta damu kwa kiganja, akasema, "Tukaneni. Mkimaliza, wahamisheni watoto wenu wanaolala chini ya tuta."

Hatukuhamisha mtu. Maji yalitoka siku mbili na nusu, lango halifungiki bila gurudumu. Jumapili asubuhi mvua ikaanguka, ikanyesha hadi alasiri bila kupumua, na mto unaolijaza bwawa ukateremsha magogo. Bwawa lililokuwa limeshuka kupita nusu likaanza kujaa tena. Tulipokimbilia juu ya tuta, tuliona udongo wa juu unazama mbele ya macho yetu, taratibu, kama mkate unaodidimia, likabaki shimo la kumeza ndama. Maji ya bwawa yalikuwa yamebakiza urefu wa mkono mmoja tu kulifikia shimo lile. Tulibeba viroba, tukalijaza shimo hadi giza likaingia.

Kiangazi tulichimba. Ndani ya tuta tulikuta mfereji, njia ya mzizi uliooza wa mtiki uliokuwa juu ya tuta, ambao Amaq Kerting aliukata ajenge nyumba yake. Niliingiza mkono, ukaishia begani, sikugusa mwisho. Mhandisi, alipofika hatimaye, alisema kama bwawa lingekuwa limejaa, tuta lisingefika jioni. Amaq Kerting hadi leo anashikilia kwamba shimo lilisababishwa na kumwaga maji kwa pupa, na wapo wanaomwamini.

Mkuu wa kitongoji alinichukua twende kumwomba Inaq Senim arudi kazini. Tulimkuta anatwanga pilipili, hakutukaribisha kuketi.

"Mnataka mlinzi, au mmekosa mtu wa kumtukana?"

"Inaq, tusamehe," nilisema.

"Sitaki." Akaendelea kutwanga. "Kazi nitaifanya. Mitiki iliyobaki kwenye tuta itakatwa yote wiki hii na visiki ving'olewe, na Kerting awepo ashike shoka. Na wewe, Amaq Jumilah, ulinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Usinisalimie njiani."

Mwaka wa saba sasa. Amaq Kerting alilishika shoka, amekunja uso kama aliyekunywa siki. Mimi kila asubuhi, nikiwa uani kwangu, namwona mama yule akipita juu ya tuta polepole, macho chini. Mara nyingine nafungua mdomo nimsalimie. Kisha naufunga.