Mashavu ya Ukweni

Nilitoka Didia kwenda Geita kuposa, na hofu yangu ilikuwa moja tu: matubwitubwi. Baba yangu mdogo aliyapata akiwa mtu mzima. Uvimbe ulianza mashavuni, ukashuka sehemu za siri, na mpaka leo hana mtoto. Mimi utotoni ndugu zangu walipovimba, mama alinikimbiza kwa bibi. Baada ya hapo nikajikwepesha mwenyewe hadi nikawa fundi cherehani mwenye ndevu. Mteja akija kupimwa, kwanza namtazama mashavu.

Asubuhi, Shinyanga mjini, nilipanda lori juu ya magunia ya chumvi. Mbele yangu aliketi mchimbaji aliyekuwa akirudi kazini, shavu lake la kushoto limetuna. Nikahamia nyuma kabisa, kwenye vumbi. Tulipofika Kahama akatema tumbaku, na shavu likaisha.

"Fundi, mbona unakula vumbi na huku nafasi ipo?" akaniuliza.

Nikamwambia napenda hewa. Sikurudi karibu naye. Tumbaku inaweza kuwa ujanja wa kuficha ugonjwa.

Ushirombo tulilala. Wenzangu walilala ndani, mimi nikajikunyata barazani mwa duka, kwa sababu mmoja wao alikuwa akimeza mate kwa shida.

Mbele ya Ushirombo kulikuwa na kizuizi cha mbung'o. Walinzi walitushusha na nyavu zao, wakatupekua migongo wakitafuta hao nzi wa malale. Nilishangaa sana. Nzi anatafutwa hivyo, lakini mashavu ya abiria hakuna anayeyauliza.

Geita tulifika jioni. Mzee Lusana, baba yake Kabula niliyekwenda kumposa, alikuwa mfanyakazi wa mgodini, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kambi.

"Mwadila, baba," nikamwamkia Kisukuma. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umefika kwako."

Mama yake Kabula aliketi ndani ya mlango akinipa mgongo, kanga ameizungusha kichwani hadi kidevuni. Kwetu Wasukuma mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Nikafurahi moyoni, nikasema hawa ni watu wenye adabu.

Lakini adabu haizuii sumu kwenye kinywaji. Kibuyu cha togwa kililetwa bila kuonjwa, na desturi ni mwenyeji aonje kwanza ili mgeni anywe kwa amani. Nilikitazama tu. Mzee akaelewa.

"Mama Kabula, mwonjee mgeni."

Sauti ikatoka ndani: "Aonje Kabula."

Kukwepa huko kulinitia wasiwasi zaidi. "Aliyepika ndiye aonjaye," nikasema.

Mkono ukatokeza mlangoni, ukachukua kibuyu. Akanywa funda moja, mgongo bado kwangu, akakirudisha. Nami nikakinywa chote.

Nilirudi Didia nimekubaliwa, nikiimba juu ya lori. Wiki ya tatu haijaisha, niliamka asubuhi kinywa hakifunguki. Nikavimba mashavu, kisha, Mungu wangu, nikavimba na kule nilikokuogopa. Nililia, wala sioni aibu kusema. Na kila nikipumua nilimlaani yule bwana wa tumbaku.

Habari zilifika Geita. Mzee Lusana akaja na Kabula kunitazama, nami nikajua wamekuja kuvunja uchumba. Nikamsimulia mzee habari za yule mchimbaji wa kwenye lori. Akainamisha kichwa.

"Mwache mtu wa watu. Mama Kabula ndiye alikuwa amevimba siku ile."

"Mbona hamkuniambia, baba?"

"Nikwambieje? Mwili wa mama mkwe unasimuliwa kwa mkwe?"

Hata mimi nisingethubutu kuuliza. Nikamgeukia Kabula, nikamwambia arudi na baba yake, akatafute mwanamume mzima.

"Nani kakwambia wewe si mzima?"

"Baba mdogo alipougua hivi..."

"Mimi siolewi na baba mdogo," akasema, akaenda kunikorogea uji.

Tukaoana baada ya mavuno. Safari ile ilinifundisha kwamba ninayemshuku siye, na nisiyemshuku ndiye. Ni fundisho baya kwa mtu mwenye mke. Miaka ikapita bila mimba, majirani wakanong'ona, kisha Kabula akajifungua mtoto wa kiume.

Watu walipokwisha kutoa pongezi na kuondoka, nilimbeba mtoto hadi mlangoni penye mwanga. Nikamtazama masikio. Nikamfungua ngumi, nikamtazama vidole kimoja kimoja, kisha nikamgeuza nimwone kisogo. Kabula alikuwa amejilaza akiniangalia muda wote huo, nami sikujua.

"Ukimaliza kumchunguza," akasema taratibu, "mpe jina."

Nikampa jina la marehemu baba yangu.