Kidole Kilichohesabu Watoto wa Mbwa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, kidole changu cha shahada kiliogopwa nyumbani kwetu kuliko panga. Shosho, mama yake baba, aliyekuja kuishi nasi Kitengela baada ya babu kufariki, aliamini kwamba boga changa likionyeshwa kidole linaoza, na kwamba mtoto au mnyama akihesabiwa hafiki mbali. Ukijisahau ukanyoosha kidole, ulitakiwa ukiume papo hapo. Mimi nilijisahau sana, kwa hivyo changu kilikuwa na alama za meno kama penseli ya mtu mwenye mawazo.

Siku hizo mtaa wetu ulikuwa nyumba chache tu katikati ya nyasi. Mama Naserian, jirani yetu Mmaasai, alikuwa hapo kabla yetu sote, na mbuzi wake walipita katika ploti yetu asubuhi na jioni bila kujali seng'enge ya baba. Yeye na Shosho hawakuwa na lugha moja. Shosho alikuwa na Kikuyu chake na Kiswahili cha sokoni, Mama Naserian alikuwa na Kimaa na Kiswahili cha kuuzia maziwa. Lakini kwa habari ya kuhesabu walielewana kabisa. Kwa Mama Naserian nako, mtu hakuulizwa ana ng'ombe wangapi. Ukimwuliza, alikutazama kana kwamba umemwomba avue shuka mbele ya watu.

Basi mbwa jike wa barabarani, mwenye rangi ya vumbi, akazaa ndani ya bomba la zege lililopitisha maji chini ya barabara, mbele ya geti letu. Sisi watoto tulimwita Vumbi, tukawa tunampelekea ugali uliobaki. Wanawe walipoanza kutambaa nje kuota jua, nilichuchumaa mbele yao na kufanya nilichofundishwa shuleni. Moja, mbili, tatu, kwa sauti na kwa kidole, hadi tisa.

"Wewe Wanjiru!" Shosho aliniita kutoka kwenye sukuma wiki zake. "Unawahesabu? Sasa hao wataisha!"

Nilikiuma kidole mpaka machozi yakanitoka, lakini nilijua nimechelewa.

Kabla ya wiki kwisha watatu walikuwa wamekufa. Walitapika, wakahara, wakalala. Leo najua ule ni ugonjwa unaokumba watoto wa mbwa wasiochanjwa, na naujua hata kwa harufu. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba mimi ndiye niliyewaua. Nilikifunga kidole kwa kitambaa, nikamdanganya mwalimu kwamba nimeumia, na kwa siku kadhaa niliandika kwa vidole vilivyobaki. Mwandiko wangu haujapona mpaka leo.

Mwezi uliofuata mbuzi wa mtu mmoja aling'atwa na mbwa asiyejulikana, akafa akitoa mapovu. Wenye ploti walikutana wakakubaliana. Jumamosi daktari wa mifugo angekuja kwenye uwanja wa kanisa kuchanja mbwa. Kila mbwa mwenye mtu wa kumsimamia angechanjwa na kufungwa utepe wa kijani shingoni. Asiye na utepe, Jumatatu angewekewa nyama yenye sumu. Sisi watoto tuliambiwa habari za chanjo. Habari za sumu wazazi walibaki nazo.

Alhamisi, nikitoka shule, nilimkuta msichana mmoja getini akiwa na daftari. Alikuwa akisaidia daktari kuandikisha mbwa nyumba kwa nyumba.

"Sasa mrembo," akasema. "Hapa mko na mbwa wangapi?"

Wangapi! Nilitazama kule bombani. Vumbi na wanawe walikuwa ndani, kimya. Nilijua jibu, na nilijua jibu hilo limeshafanya nini. Nilirudisha mkono nyuma ya mgongo.

"Hakuna."

"Na nimesikia kuna puppies huku?"

"Hakuna hata mmoja."

Aliandika sifuri, tena sifuri nzuri ya mviringo, akaenda zake. Usiseme! Nilijiona shujaa. Siku hiyo nilikula nikashiba kwa mara ya kwanza tangu watatu wale wafe.

Ijumaa tukiwa mezani baba alimwambia mama kwamba Jumatatu watoto wasitangulie kutoka, maana watu wa kamati watakuwa wanatupa nyama ya sumu. "Lakini huku kwetu hawataweka nyingi," akasema. "Daftari inasema hakuna mbwa ya mtu. Ni hao wa barabara tu watamalizwa."

Kijiko kilinidondoka. Nililia kwa namna iliyomfanya mama anishike paji la uso akidhani nina malaria. Nilipofanikiwa kusema, baba alicheka. Alicheka kweli, akapiga meza. "Yaani mtoto alikataa kuhesabu!"

Shosho hakucheka. Alisukuma sahani yake kando, akasema polepole, "Mimi ndiye nilimfundisha." Kisha akamwuliza baba kama orodha inaweza kubadilishwa. Baba alisema inaweza, kesho uwanjani, lakini kila mbwa lazima awe na mtu, na yeye hawezi kufuga ukoo mzima wa bombani.

Asubuhi Shosho alivaa kitambaa chake cha kwenda kanisani, akachukua viondo viwili, vile vikapu vyake vya kusuka, akavuka kwa Mama Naserian. Nilimfuata.

"Takwenya," Shosho akamwamkia. Hilo alikuwa amejifunza.

"Iko," akajibu Mama Naserian, kisha akaniwekea mkono kichwani nilipoinama. Shosho alimweleza habari yote kwa Kiswahili kilichovunjikavunjika, akinitaja mara nyingi kuliko nilivyopenda. Mama Naserian alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mbuzi zizini, akaja nasi.

Vumbi alikuwa amelala nje ya bomba, wanawe wakinyonya na kukanyagana. Mama Naserian aliwapitishia macho mara moja tu, kama anavyotazama mbuzi wakiingia jioni.

"Ile ya mguu nyeupe hakuna," akasema.

Mimi niliyewahi kuwahesabu sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa naona watoto wa mbwa, basi. Tulimtafuta kwenye mtaro, tukapekua takataka, na hatimaye nikasikia kilio ndani ya mfuko wa simiti uliotupwa. Alikuwa ameingia na kushindwa kutoka, kajaa unga wa simiti mpaka kope. Nilimkumbatia na sikutaka kumwachilia.

Tulizunguka nyumba kwa nyumba, wawili hawa wakiwa na watoto wa mbwa viondoni, na mimi nyuma na Vumbi, aliyefuata wanawe bila kamba. Shosho hakumwambia mtu achukue mbwa. Alisimama tu mlangoni akaeleza. Huyu hapendi kelele. Huyu jicho lake la kulia lilichelewa kufunguka. Huyu akishiba anaimba. Mama wa kibanda cha mboga, ambaye siku zote aliwafukuza mbwa kwa mawe, alitikisa kichwa tangu mwanzo, akarudi kwa nyanya zake, akazipanga, kisha akageuka.

"Huyo wa jicho," akasema, "yuko aje?"

Alipomwinua usoni ili amwone vizuri, tayari tulijua hatarudi kiondoni. Fundi wa viatu alimchukua mwimbaji. Mama Naserian mwenyewe alisema yule wa mguu mweupe atakwenda na mbuzi, maana ameshaonja shida na hajafa. Tulipofika uwanjani hakuna mtoto wa mbwa aliyekosa mtu.

Msichana wa daftari alinitambua. Nilijificha nyuma ya Shosho.

"Jumla ni wangapi?" akauliza.

"Hiyo utajua wewe," Mama Naserian akamjibu. "Sisi tunakuambia tu wako namna gani."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, lakini msichana yule alifungua ukurasa mpya akaandika kama alivyoambiwa, mmoja baada ya mwingine, na nyuma yetu wengine wakaanza kueleza wa kwao hivyo hivyo. Kisha daktari akamshika Vumbi shingoni. Alikuwa mkubwa, wa barabarani, chuchu zimening'inia, na nyumba zote zilikuwa zimemkataa.

"Na huyu ni wa nani?"

Nilimtazama baba, aliyekuwa amefika na kusimama na wanaume wenzake. Aliangalia viatu vyake.

"Huyo sikio la kushoto limekatwa," Shosho akasema. "Analala nyuma ya jikoni yangu akifikiri sijui. Andika mimi."

Shosho ambaye hakuwahi kuruhusu mbwa avuke kizingiti!

Jumatatu walikufa mbwa watatu wa karibu na bucha. Mmoja alikuwa mwekundu, aliyependa kutusindikiza shuleni na kugeukia kwenye mti uleule kila siku. Ningeweza kumweleza kwa ukurasa mzima. Jumamosi ile nilisimama uwanjani nimeridhika na wangu, na hakunijia akilini hata mara moja. Huyo bado ananiuma.

Sasa mimi ni mtu mzima, na niko katika kikundi cha majirani hapa Kitengela tunaoshika mbwa wa mitaani, kuwachanja, kuwafunga uzazi na kuwatafutia nyumba. Nahesabu kila siku, kwa kidole na kwa simu, maana dawa haiagizwi kwa maelezo. Siamini kwamba kidole changu kiliua mbwa. Lakini Shosho simcheki. Yeye na Mama Naserian walikataa namba, kwa hivyo wakalazimika kutazama, na kwa kutazama, siku ile hawakupoteza hata mmoja.

Majuzi tulikuwa Isinya. Mzee mmoja alitutokea getini kwake akiwa amekunja uso, akasema hana mbwa. Nikamwonyesha aliyelala kwenye kivuli cha ukuta wake.

"Huyo si wangu. Huyo ni wa barabara."

"Sawa, mzee. Lakini yuko aje?"

"Yuko aje namna gani?" Akamtazama. "Huyo ni mjinga tu. Anaogopa kuku. Kuku! Na mvua ikinyesha lazima aje hapa kwa mlango, hataki kwa stoo, anataka hapa. Mguu huo wa nyuma unamsumbua kukiwa na baridi. Mfupa hawezi, meno imeisha upande huu, lazima umlainishie na supu..."

Aliendelea kwa muda mrefu. Mahali pa mwenye mbwa nikaandika jina lake nililolisoma getini, nikamgeuzia daftari aone. Alilisoma, akatafuta miwani, akalisoma tena, kisha akaniomba kalamu aweke sahihi.