Uvimbe Uliodhaniwa Mimba

Akina mama mnaonisikiliza, mimi ni mjane wa kijiji cha Maguu. Kabla ya kuugua, miaka ile ya Waingereza, nilichimba ngoro zangu, yale mashimo yetu ya kulimia, mlimani, nilichuma kahawa, na jioni bado nilikuwa na nguvu za kutwanga mahindi.

Ugonjwa ulianza polepole. Nikila matonge machache ya ugali, najiona nimejaa. Kisha yakaja maumivu chini ya mbavu za kushoto, yakipenya hadi mgongoni. Mikono ilikonda, mashavu yakabonyea, lakini tumbo likapanda. Mume wangu alikwishafariki zamani. Nikifika kisimani, wanawake wanajitenga nami.

Mama mkwe akaniuliza jikoni, "Mwanangu, ni ya nani?"

"Mama, sina mwanamume. Hata mimi sijui kilichomo."

Akasema, "Basi twende kwa wanaojua."

Shemeji zangu walinibeba kwa machela hadi hospitali ya misheni kule ziwani. Daktari aliweka pembe ndogo ya mti juu ya tumbo, akasikiliza kama kuna moyo wa mtoto, kisha akaligongagonga kwa vidole. Muuguzi aliyejua lugha yetu ya Kimatengo akatueleza.

"Hakuna mtoto. Ni uvimbe wenye maji, nyuma ya tumbo la chakula. Daktari anadhani umeota kwenye kongosho, ila hatakuwa na hakika mpaka apasue. Unaweza kufa mezani. Uvimbe ukiachwa, utazidi kukua."

Mama mkwe alilia. "Nisamehe, mwanangu."

Nilimshika mkono, nikasema nipasuliwe.

Walinifunika pua kwa kitambaa chenye dawa kali. Nilipozinduka nilitapika sana, na mpira mwembamba ulitokeza ubavuni. Daktari alinionyesha mfuko alioutoa, mkubwa kama kichwa cha mtoto, umejaa ute mzito. Kwa majuma mengi maji ya kongosho yalipita katika mpira ule, yakaniunguza ngozi. Muuguzi alinipaka dawa nyeupe, mama mkwe akaninywesha uji kwa kijiko. Hatimaye maji yakakauka, mpira ukatolewa, nikaomba usipa, wale dagaa wa ziwani.

Tuliporudi, Jumapili baada ya misa, mama mkwe alisimama mbele ya wanawake wenzetu. "Huyu hakuwa na mimba. Alikuwa mgonjwa, nasi tulimwacha peke yake."

Namshukuru Mungu, nawashukuru walionitibu na walionibeba. Nanyi, mkimwona mwenzenu tumbo linapanda, muulizeni kwanza anaumwa wapi. Kisha mfuatane naye hospitali.