Friji ya Marehemu wa Masasi

Hicho kiyoyozi cha mtumba mlichokuja kunitundikia chumbani, kirudisheni mlikokitoa. Sitaki baridi ya mtu. Na msinicheke, maana ninayowaambia hayakumpata jirani wala shangazi wa mtu. Yalinipata mimi, nikayaona kwa macho yangu haya, pale Newala, enzi za Mwingereza. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa nimelala.

Mume wangu, Baba Zuhura, Mungu amrehemu, alikuwa na hoteli ya chai sokoni. Mimi nilipika maandazi na kupokea makelele yake. Siku moja akarudi kutoka Masasi juu ya lori, kakumbatia friji utadhani kaoa mke wa pili. Friji nyeupe ya mafuta ya taa, kwa sababu umeme Newala tulikuwa tunausikia tu. Ilikuwa mali ya Mzungu mmoja mpima ardhi aliyekufa kwa homa wiki ileile, na aliyeiuza ni mpishi wake.

Nikamwambia, "Baba Zuhura, umenunua kitu cha maiti hata arobaini haijafika?"

Kwetu mtu akifa vitu vyake havitoki. Vinakaa mpaka arobaini, ndugu wanakusanyika, unga unamwagwa, marehemu anaambiwa kwa heshima kwamba sasa tunagawana vyako. Ndipo mtu anachukua, hata kama ni kikombe. Kila mtoto analijua hilo, na yeye alilijua. Unajua alinijibu nini?

"Mzungu hana arobaini. Mzungu akifa, amekufa." Akacheka, akaanza kunionyesha mahali pa kutia utambi.

Haya, tukaanza kula hasara. Friji ile ilikunywa mafuta mpaka taa ya nyumbani ikakauka, tukawa tunakula gizani. Utambi ukiungua, mwingine uagizwe Lindi. Ukuta wangu ukawa mweusi kwa masizi. Hayo niliyavumilia. Lakini maji! Newala ile maji tuliyafuata bondeni. Unateremka alfajiri, unapanda na debe kichwani jua liko utosini. Baba Zuhura akayajaza kwenye chupa ili awauzie makarani wa boma maji baridi. Tukifungua friji, chupa tupu, na vizibo viko palepale. Basi akanigeukia mimi.

"Mama Zuhura, unakunywa biashara yangu!"

Mimi niliyeyapandisha kwa shingo yangu! Nilimtukana siku hiyo, sifichi.

Ijumaa moja kaenda msikitini, soko limelala. Nimekaa peke yangu hotelini nachambua mchele, akaingia Mzungu. Hakupiga hodi wala hakusalimu. Kaptula ya kaki, kofia mkononi, midomo imepasukapasuka. Jua lilikuwa la kuchoma, lakini alipopita karibu yangu mwili ulinisisimka kwa baridi. Akaenda moja kwa moja kwenye friji. Sasa, mlango wa friji ile ulikuwa mkaidi, haufunguki mpaka uuinue kwa goti, na sisi wenyewe tulihangaika nao sana kabla ya kuujulia. Yeye aliuinua kwa goti bila hata kuutazama.

Akanywa chupa zote. Na koo halikucheza. Niaminini, koo halikucheza hata kidogo, maji yanakwenda tu.

"Bwana, hayo ni ya kuuza," nikasema. Hofu ninayo, lakini na maji yangu yananiuma.

"Nani amewapa friji hii?" Kiswahili chake kilikuwa safi.

"Mume wangu kainunua kwa mpishi wa marehemu."

Akanitazama kwa chuki ambayo sijawahi kutazamwa nayo tena. "Bado naitumia," akasema.

Nilitaka kupiga ukunga, ndipo Baba Zuhura akatokea mlangoni na kanzu yake. Sasa sikilizeni. Siku zile Mzungu hakumpa mkono mtu mweusi. Ungemfulia na kumpikia miaka na miaka, mkono wake usingeugusa. Huyu akaunyoosha.

"Usimpe!" nikapiga kelele. "Baba Zuhura, usimpe mkono!"

Unadhani alinisikia? Mzungu anampa mkono, mlangoni kwake mwenyewe! Akaupokea kwa mikono yote miwili, kainama, anachekelea mpaka magego yanaonekana. Yule akambana, hamwachii. Nilipofumba macho na kufumbua, namwona mume wangu peke yake, kainama vilevile, kashika hewa, meno yanagongana.

Tangu saa hiyo alitetemeka. Mchana wa jua, moto pembeni, mablanketi juu, naye anatetemeka. Hospitalini wakampima homa, hawakuiona. Chakula kikamshinda. Nikaona huyu mume anakwenda, na mimi nikiwa na mimba yake changa. Nikaipakia friji kwenye lori, nikaishusha Masasi mlangoni kwa yule mpishi, mzee wa Kimakua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Macho yako kwenye friji.

"Bwana wako alikufa akitaka nini?"

Mzee akaanza kulia. "Maji baridi. Aliyaita mpaka pumzi ya mwisho. Hakuwa na ndugu hapa, mwanangu. Nani angemfanyia arobaini?"

"Mimi na wewe," nikamwambia. "Wewe uliyekula chakula chake na mimi niliyekula hasara yake."

Tukangoja siku ya arobaini itimie, Baba Zuhura akizidi kunyauka kitandani. Siku hiyo tukaibeba friji mpaka kaburini. Mpishi akamwaga unga, akamwomba kwa adabu. Mimi adabu ilikuwa imeniishia. Nikamwaga debe zima la maji juu ya kaburi lile. Ardhi haikulowa, wallahi, ilibaki kavu.

"Kunywa ushibe!" nikamwambia. "Friji yako hiyo hapo. Mume wangu niachie!"

Nikarudi Newala nikamkuta amekaa anakula ugali, mtetemo umekwisha. Nililia kwa furaha. Kisha akanishika bega, nikaruka. Mikono yake haikuwa imerudi. Ilikuwa ya baridi ileile, na ilibaki hivyo. Mtoto wetu wa pili alipozaliwa akampokea, mtoto akapiga yowe, midomo ikageuka rangi. Akanirudishia haraka, na hakumbeba tena maisha yake yote. Alikuwa anakaa mbali, mikono kaificha kwapani, anamtazama mwanawe akicheza.

Basi mtu akikuuzia kitu cha mwenziwe, muulize mwenyewe yuko wapi. Akikwambia amekufa, muulize amekufa lini. Na arobaini ikiwa haijafika, usiulize bei.