Nililitaja Jina la Mwanangu Arusini

Nimekosa. Nasema mapema, kabla hamjaanza kunitetea, maana sitaki mtetezi. Nilimvua nguo mjukuu wangu mbele ya watu siku ya arusi yake, kwa mdomo huu huu uliomwimbia alale.

Baba yake, mwanangu Safari, alikufa tukiwa bado Bukavu, Zaïre ikiwa Zaïre. Nikaja na msichana wake hapa Durban, nikasuka nywele za watu mpaka vidole vikapinda, naye akasoma.

Akaipenda dini ya Wayahudi, kabla hata hajamjua huyo mumewe. Waamuzi wa dini hiyo walimhoji, wakamrudisha, akaenda tena. Mwisho akazamishwa majini, akatoka na jina jipya. Wenzangu wa kanisani wakasema amepotea. Nikawajibu, amepotea wapi, na nyumba yake Westville naijua?

Basi, arusi. Wamesimama chini ya kitambaa cha nguzo nne, mzee wa dini anasoma hati ya ndoa kwa lugha ya zamani. Nikasikia Abrahamu. Nikamwuliza mama aliyekaa karibu, Abrahamu anaingiaje hapa?

Akaninong'oneza: "Bibi arusi anaitwa binti wa Abrahamu. Kila anayeingia kwetu huitwa hivyo."

Na Safari je? Aliyeuza baiskeli yake ili mtoto huyu apate dawa?

Nikasimama, na Kiingereza changu cha sokoni. "Huyu ni binti wa Safari! Amebatizwa, ameimba kwaya, nguruwe alikula akilamba vidole."

Kwetu bibi arusi hatoki bila baba yake kutajwa. Lakini sidanganyi: nusu ilikuwa heshima, nusu hasira.

Yule mzee akasema polepole: "Mama, kwetu ni dhambi kumkumbusha mtu kama huyu alikotoka. Yeye ni Myahudi kama mimi."

Eish. Lakini shangazi wa mume, ambaye hakumtaka tangu mwanzo, alikuwa ameshapata alichokitafuta. Ikawa kila Ijumaa jioni, kwenye meza yao ya Sabato: "Bibi yako alisema uliimba kwaya. Tuimbie basi."

Mjukuu wangu akaacha kuja kwangu. Nikipiga simu: "Iko kazi nyingi, Koko." Koko ndiyo bibi. Miezi ikapita hivyo.

Siku alipokuja hakuketi. "Koko, jina la baba sikulitupa. Hapa kwako litaje mpaka majirani walijue. Lakini kule nilijenga nyumba kwa mikono yangu, na wewe ukaja ukang'oa mabati."

Nikamwambia, nialike Ijumaa.

Nikaenda. Hata mkate haujanifikia, shangazi akaanza. "Granny, tupe tena zile habari za kanisani."

"Habari za nani?"

"Za huyu."

"Huyu mimi namjua Myahudi tu. Nipitishie mkate."

Shangazi akaangalia sahani yake. Mjukuu wangu akanikatia mkate mwenyewe, kipande cha pembeni, kile kigumu ninachokipenda.

Kanisani wanasema nimemkana mtoto. Waseme. Mimi ni Mkristo, nguruwe nakula, na jina la Safari nalitaja kila asubuhi jikoni kwangu, kwa sauti.

Ila wewe ambaye mtoto wako amehamia kwa watu wengine, kabla hujasimama kwenye sherehe yake, jiulize ni nani atakayeyaokota maneno yako ukishaketi.